Samaki wa Matema na Baridi ya Julai

Mwezi huu nilikuwa nimeandaa habari ya kuwaachisha watoto ziwa, lakini nimeiweka kando mpaka toleo lijalo kwa sababu ya barua moja iliyonifikia.

Mama mmoja wa Iringa, mwenye watoto wanne, anaeleza kwamba mumewe alirudi kutoka Dar es Salaam na tangi la kioo lenye samaki wa rangi, likawa furaha ya nyumba nzima. Lakini kila mwaka unapoingia mwezi wa Juni samaki huanza kufa mmoja mmoja. Wakinunua wengine, Julai nao wanakwisha. Sasa mama mkwe wake amesema kuna mtu mwenye jicho baya anayeingia humo ndani, na lawama zote zimemwangukia mke wa jirani, ambaye hupenda kusimama mbele ya lile tangi na kuwasifu samaki. Majirani hao walikuwa wakisali pamoja kwenye jumuiya. Siku hizi hawasalimiani. Anauliza, "Dada muuguzi, je, ni kweli?"

Si kweli. Ni baridi. Mke wa jirani hana kosa lolote.

Najua wengine mtasema, huyu dada ameishiwa na mambo ya kuandika, sasa anatuletea samaki wa mapambo wakati sisi tunatafuta samaki wa kitoweo. Nivumilieni. Habari hii ilinifikisha mahali ambapo sitaki mama yeyote afike, nami sijawahi kuieleza katika ukurasa huu.

Desemba 2016 kitinda mimba wangu, wakati huo akiwa darasa la nne, alikwenda likizo kwa mjomba wake Matema, kule Kyela, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka mpaka kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Wengi wetu ziwa hilo tunalijua kwa usipa na mbasa. Lakini kwenye miamba ya ufukweni wapo samaki wadogo wa rangi za ajabu, buluu yenye michirizi myeusi, wengine manjano, wengine wa rangi ya kutu, ambao mvuvi hawajali kwa kuwa hawajazi chungu. Wenzetu wa upande wa Malawi huwaita mbuna, na jina hilo ndilo wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote wanalitumia. Tangu miaka ya 1960 samaki hao wamekuwa wakipelekwa Ulaya na Marekani kwa ndege. Ziwa letu lina mamia ya aina za jamii yao, na walio wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Samaki waliumbwa siku ya tano, kabla yetu sisi, na nikiwatazama hawa naona Mungu hakuwa na haraka alipowapaka rangi.

Mjomba alimpa mpwawe samaki sita ndani ya ndoo yenye kifuniko. (Ninyi mtakaotaka kufanya hivyo, mwulizeni kwanza afisa uvuvi wa mahali hapo.) Ndoo ikapanda gari Kyela, ikapita Tukuyu, ikapita baridi ya Isongole, ikafika kwetu Mbeya usiku. Fundi wa vioo alitutengenezea tangi la lita 60 kwa kuunganisha vioo kwa silikoni. Nami, kwa kutaka watoto wafurahi, nikaliweka chumbani kwao, juu ya meza, kando ya kitanda cha yule kijana. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Maji ya juu ya ziwa lile hukaa kati ya nyuzi 23 na 28 za sentigredi mwaka mzima, usiku na mchana, kwa sababu ni maji mengi mno kupoa kwa usiku mmoja. Kwetu usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10 huko nje, na ndani ya nyumba ya matofali isiyo na dari ni nyuzi 13 au 14. Iringa nako ni vivyo hivyo, na upepo juu yake. Lita 60 hazina nguvu ya ziwa. Zinafuata chumba.

Samaki naye anafuata maji. Sisi tuna moto wetu wa ndani. Tukila ugali, mwili unatengeneza joto na kulishikilia karibu na nyuzi 37. Samaki hana moto huo. Maji yakipoa, damu yake inapoa, moyo unapiga polepole, tumbo linaacha kusaga chakula, na kinga ya mwili inalegea. Ndipo vijidudu ambavyo siku zote vipo majini vinapomshambulia. Wengi wenu mtaona vipele vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi. Huo ni ugonjwa unaokuja nyuma ya baridi. Tena linalomwumiza zaidi ni kupanda na kushuka. Maji yakiwa nyuzi 26 alasiri kwa jua la dirishani na nyuzi 18 alfajiri, kila siku, samaki anachoka kuliko yule anayekaa kwenye nyuzi 22 bila kubadilika.

Wanaofanya kazi wodi ya wazazi wataelewa upesi, maana hiyo ndiyo habari ya mtoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana ngozi nyembamba, hana mafuta, moto wake wa ndani ni mdogo. Tunataka joto lake likae kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka anaacha kunyonya, na asiponyonya anazidi kupoa. Mwaka 1978 daktari mmoja wa Bogotá nchini Kolombia, Edgar Rey Sanabria, akiwa hana mashine za joto za kutosha, alianza kuwafunga watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo njia ya kangaruu tunayowafundisha leo. Kifua cha mama hakikatiki umeme. Nilimweleza mwanangu hivyo hivyo, naye akaelewa vizuri mno, kama mtakavyoona.

Kabla sijafika huko niwape kidogo cha kufurahisha. Mwezi wa Machi binti yangu alikuja mbio jikoni: "Mama, samaki mmoja ana matubwitubwi!" Nikaenda kutazama. Kweli, jike mmoja alikuwa amevimba chini ya taya, mdomo ameufunga, chakula kikianguka mbele yake hakigusi. Siku tano, siku kumi, hali. Nikajua atakufa. Kumbe alikuwa mjamzito wa mdomoni. Samaki wa jamii hii, jike akishataga huyaokota mayai yote kwa kinywa na kuyatunza humo humo kwa muda wa wiki tatu hivi, mpaka watoto wawe na nguvu ya kuogelea wenyewe. Muda wote huo hali, au anakula kidogo sana. Akistushwa anaweza kuwatema au kuwameza. Maji yakiwa ya baridi mayai yanachelewa, na mfungo wake unazidi kuwa mrefu. Dume hana habari; yeye anaendelea kufukuzana na wenzake. Hapo kila mama atacheka kwa sababu zake. Tulihesabu watoto kumi na wanane, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Kuanzia siku ile mwanangu hakutaka tena kusikia kwamba samaki ni samaki tu.

Sasa Julai 2017. Tulikuwa na hita ndogo ya umeme ndani ya tangi. Jioni moja umeme ulikatika, nami nilikuwa natoka kwenda zamu ya usiku. Nikiwa nafunga vifungo vya sare huku natafuta mwavuli, nilimwambia kijana, "Angalia maji yasipoe, mwanangu, la sivyo watakufa." Nikaondoka. Sikumwambia afanyeje.

Alingoja baba yake alale. Akachukua jiko la mkaa lililopikiwa chakula cha usiku, likiwa limebaki makaa mekundu yasiyo na moshi, akaliweka chini ya meza ya tangi. Akafunga dirisha. Kisha, ili joto lisitoke, akasokota khanga na kuiziba nafasi ya chini ya mlango. Akapanda kitandani. Dada yake wa miaka 13 alikuwa amelala kitanda cha pili.

Saa 7 usiku binti aliamka kichwa kikimpasuka. Akatapika. Alipotaka kusimama miguu ikakataa, akatambaa mpaka mlangoni na kuupiga kwa kiganja. Baba yao alisikia, akadhani ni wezi, halafu akadhani ni malaria, mpaka alipouona ule mwanga mwekundu chini ya meza. Aliwatoa wote wawili barazani kwenye baridi. Binti alizinduka. Kijana hakuamka.

Mimi nilikuwa wodi ya watoto, nikiandika chati. Nilimwona baba watoto akiingia mlangoni na mtoto begani, miguu ya mtoto inaning'inia. Sitaeleza zaidi. Tulimvika oksijeni, na kulipopambazuka alifungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, samaki wamepona?" Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo la kufulia mpaka nilipoweza kurudi.

Walikuwa wamepona. Walikuwa wamelala chini kabisa, kwenye mchanga, lakini hai.

Mama wenzangu, kila Juni mimi husimama kliniki na kuwaeleza wazazi juu ya jiko la mkaa chumbani. Nilikuwa nimelieleza mara nyingi kiasi kwamba nilidhani hata kuta za nyumba yangu zinajua. Watoto wangu hawakuwahi kulisikia kutoka kwangu hata mara moja.

Basi nalisema hapa. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu, wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi, yale mekundu mazuri tunayoyaamini, ndiyo hasa yanayodanganya. Gesi hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri huku mwili wake unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, kuchanganyikiwa, kisha usingizi. Ndiyo maana watu husema ni malaria, au ni chakula kibaya. Jiulize hivi: je, waliolala chumba kimoja wote wameamka wagonjwa? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Kama ndiyo, usitafute mchawi, tafuta jiko. Mjamzito yuko katika hatari kubwa, na mtoto aliye tumboni zaidi. Beseni la maji kando ya jiko haliondoi gesi hii, na kuacha mlango wazi kwa upana wa kidole hakutoshi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo fungua milango na madirisha, mtoe kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu anahitaji oksijeni.

Nirudi kwenye tangi. Wengi wangelitoa nyumbani, na baba watoto alitaka hivyo. Mimi nilikataa. Niliona mtoto akirudi na kukuta samaki wameondolewa ataelewa kwamba kosa lilikuwa kuwapenda.

Tulilihamishia sebuleni, kwenye ukuta wa ndani usioguswa na upepo, mbali na dirisha. Chini yake tuliweka ile sponji nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya makatoni ya televisheni, na nyingine nyuma na pembeni, ikabaki wazi mbele tu. Juu kuna kifuniko cha kioo, maana joto jingi hupotelea juu ya maji. Halafu tulinunua kipimajoto cha maji, na hapa niwaonye: kipimajoto cha kupimia homa hakifai. Kile cha kioo huanzia nyuzi 35 na kimetengenezwa kwa mwili wa mtu. Tena kikivunjikia majini, zebaki iliyomo ni sumu. Wala mkono haufai. Maji ya nyuzi 25 ukiyagusa utasema ni ya baridi, kwa sababu wewe ni nyuzi 37. Na ukitoka kufua kwa maji ya alfajiri utasema ni ya moto. Cha maji ni bei ndogo, kinabandikwa kwenye kioo.

Kijana aliandika kwenye daftari. Tulizima hita makusudi usiku mmoja, chumba kikiwa nyuzi 14, sponji na kifuniko tukiwa tumeviondoa. Saa 2 usiku maji yalikuwa nyuzi 25, saa 12 asubuhi yalikuwa 19. Kesho yake tulirudisha sponji na kifuniko, tukafunika na blanketi zito juu: kutoka 25 yalifika zaidi kidogo ya 21. Sponji, kifuniko na blanketi vimeokoa nyuzi mbili, bila senti na bila mkaa. Acheni tu nafasi ndogo ya hewa juu.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu tunatumia chupa za plastiki zilizofungwa vizuri, zenye maji ya moto yasiyochemka, tukizielea ndani ya tangi. Msitarajie makubwa: chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya nyuzi 60 hupandisha lita 60 kwa nyuzi moja hivi, basi. Lakini hilo ndilo jema lake, maana hupandisha polepole. Msimimine maji ya moto moja kwa moja. Mabadiliko yasizidi nyuzi mbili kwa siku.

Kuhusu hita: nunueni yenye themostati, inayojizima yenyewe maji yakifika joto ulilochagua. Kipimo ni wati moja kwa kila lita, na kwa nyumba zetu za baridi ongezeni kidogo. Mimi nina ya wati 75. Msinunue kubwa kupita kiasi, kwa sababu themostati ikigoma ikiwa imewaka, hita kubwa itawapika samaki kabla hamjarudi kutoka ibadani. Kabla ya kuingiza mkono majini chomoeni waya ukutani, kila mara, na watoto wafundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kulisha. Waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kisha ndipo upande, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye umeme. Mnapopunguza maji, hita iwe imezimwa robo saa nzima, la sivyo kioo chake kitapasuka. Maji mapya ya bomba yalale kwenye ndoo wazi siku moja, klorini itoke, kisha yapashwe mpaka yalingane na ya tangi.

Siku za baridi lisheni kidogo. Chakula kisicholiwa huoza na kuwaua kwa njia nyingine.

Sasa dada wa Iringa. Kabla hujanunua chochote, pata kipimajoto, pima saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku saba, uandike. Mwonyeshe mama mkwe wako daftari hilo kwa heshima, mkiwa wawili, si mbele ya wageni. Mzee akionyeshwa kitu kwa macho yake huwa ana njia yake ya kulirudisha neno. Kama umeme wa huko kwenu unasumbua, au hita ni gharama, waacheni kabisa samaki wa maji ya joto. Fugeni samaki wa dhahabu. Hao asili yao ni Uchina, na wanavumilia maji ya nyuzi 15 bila shida ilimradi yasibadilike ghafla. Ila wanakula sana na kuchafua sana, hivyo wawili watatu wanatosha, na tangi liwe kubwa. Na wale mtakaokuwa nao wakizidi, msiwamwage mtoni wala ziwani. Ziwa Victoria lilipoteza aina nyingi za samaki wake baada ya sangara kuingizwa humo miaka ya 1950 na 1960.

Kwa mke wa jirani itakubidi uende mwenyewe. Mchukue aje alitazame tangi kama zamani.

Letu bado lipo sebuleni. Kijana yuko chuo sasa, na samaki waliomo ni wajukuu wa wale wa Matema. Daftari ninaliandika mimi. Leo asubuhi nje kulikuwa na umande mzito, chumba nyuzi 13, maji nyuzi 25. Jiko liko nje, chini ya ukingo wa paa, na hapo ndipo linapolala.